Muulize Bibi Shamba: Nina shahada ya ugani, nikauze dawa dukani?

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba. Nilimaliza shahada ya elimu ya kilimo na ugani, yaani kuwafundisha wakulima, pale SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), Morogoro, mwaka 2024. Tangu hapo naomba kazi kupitia Ajira Portal, mfumo wa maombi ya kazi za serikali. Niliwahi kuitwa usaili nikaishia kwenye mtihani wa mchujo. Sasa niko nyumbani, Makambako. Mwenye duka la pembejeo ananiita nikauze dawa na mbegu, malipo ni kamisheni tu. Baba anasema hakunisomesha nikasimame dukani, ningoje halmashauri. Nifanyeje?
Mhitimu, Makambako

JIBU: Marahaba, mwanangu. Baba yako namwelewa. Enzi zetu msomi wa kilimo alikuwa mtu wa serikali, basi. Endelea kuomba, ila soma tangazo vizuri. Mwenye shahada huingilia Afisa Kilimo Daraja la II. Zile za Afisa Kilimo Msaidizi ni za wenzako wa stashahada. Kuna vijana huomba zote kwa mkupuo, halafu hulaumu mfumo.

Kinachonishangaza ni mtu kukaa mkoa wa Njombe na barua nzima isitaje parachichi! Wanunuzi wanaopeleka parachichi aina ya Hass nje wanahitaji watu wa kukaa na wakulima. Tunda likivutwa kwa mkono kikonyo hung'oka, na uozo huanzia kwenye kile kidonda. Linatoka shambani zuri, linafunguliwa kwenye kontena huko Ulaya limeharibika. Linatakiwa likatwe kwa mkasi, kikonyo kifupi kibaki, liingie kwenye kreti bila kugusa ardhi.

Kuyasema hayo ni rahisi. Mzee aliyezoea kutikisa mti habadiliki kwa kuhutubiwa. Chuma matunda mawili mbele yake, moja la kuvuta, moja la kukata, myaache kwake yaive, kisha urudi myapasue pamoja. Kufundisha mtu mzima namna hiyo ndiko ulikosomea, na wenzako waliosoma mazao peke yake wengi hawajui waanzie wapi. Kwa hiyo peleka barua kwenye kampuni na vyama vya ushirika, omba uafisa ugani, au ukaguzi wa ndani kwenye vikundi vinavyotafuta cheti cha GlobalG.A.P., kile cha kilimo bora cha kimataifa. Huko utashinda na madaftari: dawa gani ilipulizwa, tarehe ipi, zimebaki siku ngapi kabla ya kuvuna. Kazi hiyo haina sifa mtaani, lakini anayeiweza hutafutwa.

Ualimu nao usiusahau. Mtaala mpya una mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi na stadi za kazi, sekondari, na kilimo kimo. Angalia kwenye transkripti yako kama ulifanya mazoezi ya kufundisha. Kama hukufanya, Chuo Kikuu Huria kina stashahada ya uzamili ya elimu.

Sasa hilo duka. Mimi silidharau hata kidogo. Wakulima wengi, mimea ikiugua, huanzia dukani kabla ya kwenda kwa afisa wa kata, wanakuja na jani mkononi wanauliza, "Hili linataka nini?" Utajifunza magonjwa ya wilaya nzima bila kuhama kaunta. Ila kamisheni tupu siitaki. Ukilipwa kwa chupa, kila jani litakuwa na ugonjwa. Atakuja mama ambaye mahindi yake yamegeuka njano kwa kukosa naitrojeni, nawe utamfungia dawa ya wadudu kwa sababu ndiyo yenye faida.

Mwombe mwenye duka mshahara, hata kama ni mdogo, kamisheni iwe nyongeza, na akupe siku moja kwa wiki ya kuwafuata wateja mashambani. Mwambie baba kwamba hiyo siku moja ndiyo ugani wenyewe. Na kabla hujasimama kaunta, uliza kibali cha duka cha kuuzia viuatilifu kutoka TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu) kiko wapi. Ukiona anazungukazunguka, mshukuru kwa chai, ujiondokee.