Sailensa Ilikuwa Juu, Ugonjwa Ulikuwa kwenye Maji

Kwa miezi miwili Corolla yangu ilikuwa inanguruma kwenye foleni ya Mafiati, hapa Mbeya, kama trekta. Mguu hauko kwenye mafuta, lakini mshale wa mizunguko unasoma 1,500. Nikiweka D gari linanivuta mpaka nikanyage breki kwa nguvu. Ni ya mwaka 1996, injini 5A. Niliinunua ikiwa imeshapita mikononi mwa watu nisiowajua na, kama nilivyogundua baadaye, mikononi mwa mafundi ambao nisingependa kuwajua.

Fundi wa kwanza alichukua bisibisi akakaza skrubu ya sailensa, yaani ile mizunguko ya injini mguu ukiwa nje ya mafuta. Ikashuka, nikafurahi, kesho yake ikapanda tena. Wa pili akafungua throto, mlango wa hewa inayoingia kwenye injini, akaisafisha mpaka ikang'aa. Hela ikaenda, mngurumo ukabaki. Wa tatu akaniambia ninunue throto ya mtumba. Hapo nikagoma, si kwa ujuzi wowote, ila mwezi ulikuwa umefika tarehe mbaya.

Aliyenishtua ni shangazi yangu. Ilikuwa Juni, nampeleka Tukuyu, na baridi ya Isyonje, kule mlimani njiani, wenyeji mnaijua, ukungu mpaka unawasha taa saa nne asubuhi. Nikafungua hita. Akajifunika kanga, akaniambia, "Baba, hiki kitu chako kinachota baridi ya nje kinatuletea humu ndani."

Hita ya gari haina moto wake. Inatumia maji yaleyale yanayozunguka kwenye injini. Gari likishatembea nusu saa na hita bado inapuliza baridi, basi mara nyingi ama maji yamepungua hayafiki huko, ama yanafika lakini hayana joto. Langu lilikuwa na yote mawili.

Na sailensa inaingiaje hapo? Injini ikiwa baridi inatakiwa izunguke haraka, 1,200 au hata 1,500, kisha ikipata moto ishuke yenyewe hadi 700 au 800 hivi. Inajuaje kwamba imepata moto? Kwa maji. Kuna sensa imezama kwenye maji inayoipa taarifa kontroboksi, kompyuta ya injini, na kwenye throto nyingi za zamani kuna vipira viwili vyembamba vinavyopitisha maji ya moto ili vali ya hewa ijifunge. Maji yakipungua, sensa inabaki kwenye hewa na throto inabaki baridi. Gari linaamini bado ni alfajiri, linaendelea kunguruma na kunywa mafuta.

Hatari zaidi ni kwamba geji ya joto nayo inaweza kukudanganya kwa namna hiyohiyo. Ikikosa maji ya kuigusa, inaweza kukaa chini kabisa huku silinda hedi inaungua. Mshale uliolala usikupe usingizi.

Mzee mmoja fundi pale Uyole alifungua nyumba ya thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yapate moto, akacheka. Mlikuwa tupu. Huo ni ugonjwa wetu wa kitaifa: tunaambiwa thamostati ni ya nchi za baridi, Afrika haina kazi, itolewe. Hata kama ingekuwa kweli kwa Dar es Salaam (na si kweli), je, huku tunakolala na blanketi mbili? Bila thamostati maji hayasubiri, yanakimbilia kwenye rejeta kabla hayajapata moto. Ukiteremka kutoka Isyonje kwenda Igawilo injini inapoa kabisa. Halafu kwenye baadhi ya injini, ukiitoa unaacha wazi njia ya mkato, maji mengine yanarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, kwa hiyo mlimani gari hilohilo linachemsha.

Maji yangu yalikuwa yanapotelea kwenye mfuniko wa rejeta. Mpira wake ulikuwa umekufa, haushiki presha. Mbeya ipo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Presha ya mfuniko ndiyo inayoyazuia yasichemke. Mtu wa Tanga anaweza kuishi na mfuniko mbovu muda mrefu kidogo. Wewe unayepanda kutoka Kiwira, sahau.

Kwa hiyo kabla hujamruhusu mtu aguse skrubu yoyote, asubuhi injini ikiwa baridi kabisa fungua rejeta utazame. Usiifungue ikiwa ya moto hata kama una haraka ya mazishi. Maji yawe yamejaa hadi shingoni. Kikopo cha akiba kikijaa huku rejeta imepungua, mshuku mfuniko. Washa gari, lipate moto, kisha shika vile vipira vya throto kwa tahadhari. Vyote viwili viwe vya moto. Kimoja kikiwa baridi, kuna hewa au kutu imeziba, jambo la kawaida kwetu tunaojaza maji ya bomba badala ya kulanti, yale maji maalumu ya rejeta. Vikiwa sawa na hita inaunguza, ndipo uhamie kwenye mipira ya vakyumu iliyopasuka na kebo ya mafuta iliyokazwa mno. Ukiona oili imekuwa kama chai ya maziwa, usiwashe tena. Hiyo ni gasketi ya silinda hedi, maji yameingia kwenye oili.

Mzee aliweka thamostati ya nyuzi 82, mfuniko mpya na kulanti, akaacha injini izunguke rejeta ikiwa wazi tangu ikiwa baridi, hita imefunguliwa hadi mwisho, mpaka mapovu yakakoma. Sailensa ikashuka. Ikashuka mno, hadi 500, injini inatetemeka kama ina homa. Ilikuwa ile skrubu ya fundi wa kwanza. Ikabidi irudishwe ilikokuwa, na hiyo nayo nikalipia.