Ufunguo usioingia: kupanga mwanzo wa filamu fupi ukiwa mwanafunzi

Filamu yangu ya pili nikiwa mwanafunzi ilikuwa ya dakika 10, na tulipoihariri mara ya kwanza mwanzo wake peke yake ulikula dakika 2 na sekunde 40. Saa inalia, mwanamke anaamka, anapiga mswaki, anasimama dirishani, anapanda basi, anashuka, anatembea, anafika mlangoni. Hapo ndipo hadithi inaanza. Zaidi ya robo ya filamu imekwisha na hakuna lililotokea. Ile shoti ya dirishani (shoti ni kipande kimoja cha picha kilichopigwa bila kukatwa) tuliamkia usiku ili tuwahi mwanga wa alfajiri, na ilitoka nzuri sana. Kwenye filamu haimo.

Siku hizi kazi yangu ni kuhariri, na filamu za wanafunzi zinazopita mikononi mwangu nyingi huanza vivyo hivyo: kuamka, kujitazama kwenye kioo, kutembea kuelekea mahali. Sidhani kama ni uvivu. Mtu anapoandika bado anamtafuta mhusika wake, kwa hiyo anamwamsha kitandani na kumfuata mpaka jambo litokee. Kwa rasimu ya kwanza hilo halina ubaya hata kidogo. Ubaya ni pale kurasa hizo za kutafuta zinapopigwa picha.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwako unayeanza ni huu: usipange mwanzo mpaka uwe umeandika mwisho. Hadithi yetu ilikuwa ya mwanamke anayerudi nyumbani kwake baada ya miaka mingi na kukuta familia nyingine inaishi humo. Katika onyesho la mwisho anaacha funguo zake juu ya meza, anatoka, anauvuta mlango mwenyewe. Tulipolisoma onyesho hilo kwa sauti mbele ya kundi zima, mpiga picha wetu alisema, "Basi tuanze na funguo." Tulikuwa na wiki mbili tunabishana kuhusu mwanzo, na jibu lilikuwa limekaa ukurasa wa mwisho.

Ukishaujua mwisho, chukua karatasi uandike mistari miwili. Wa kwanza: mwanzo huu ukiisha, mtazamaji awe anajua nini? Wa pili: awe anatamani kujua nini? Sisi tuliandika hivi. Ajue kwamba mwanamke huyu anaamini hapa ni kwake. Atamani kujua kwa nini ufunguo hauingii. Basi. Kila shoti isiyotumikia mstari mmojawapo tuliifuta, na ndivyo safari ya basi, mswaki na dirisha vilivyoondoka.

Mstari wa kwanza usiudharau. Wanafunzi wengi wanaupenda wa pili tu. Wanaficha kila kitu, wanaanza na vivuli, miguu inayokimbia na sauti inayonong'ona maneno yasiyoeleweka, wakidhani wanajenga shauku. Mtazamaji asiyejua yuko wapi wala anamtazama nani hana cha kutamani kujua. Kwanza mpe kitu cha kushika, halafu ndipo umnyime kitu.

Sasa nikuonyeshe mwanzo wetu mpya kama ulivyokuwa kwenye orodha ya shoti. Skrini nyeusi, tunasikia funguo zikigongana. Picha ya karibu sana: kidole gumba kinachagua ufunguo mmoja katikati ya fungu la funguo bila kusitasita, kama mtu aliyeuchagua mara elfu. Ufunguo unagusa kitasa, hauingii. Anaugeuza. Hauingii. Picha ya uso wake kutoka ubavuni, hana hasira, ameinama kidogo kama anayedhani giza ndilo linalomkosesha. Kisha tuko ndani: mpini wa mlango unatikisika, na mtoto mwenye sare ya shule ameshika kijiko anautazama. Mlango unafunguliwa. Mtoto anauliza, "Unamtaka nani?" Jina la filamu. Sekunde 38.

Angalia kazi inayofanywa na kile kidole gumba. Hakuna mtu aliyesema "hapa ni kwangu", lakini namna anavyouchagua ufunguo bila kutazama inatosha. Tulirudia shoti hiyo mara 9, na nyingi kati ya hizo zilikuwa nzuri kwa mwanga na fokasi ila kidole kilikuwa kinatafuta. Mwigizaji alikwenda na lile fungu nyumbani, akalala nalo, siku ya pili akalishika kama lake. Kama una siku moja tu ya mazoezi kwa ajili ya mwanzo, itumie kwa mikono na vitu vinavyoshikwa. Maneno mwigizaji atajifunza njiani.

Kuhusu uso, kuna jaribio ambalo kila anayesomea filamu hukutana nalo. Lev Kuleshov, mwongozaji wa Urusi, zaidi ya miaka 100 iliyopita aliunganisha picha ya uso uleule wa mwigizaji na bakuli la supu, kisha na maiti kwenye jeneza, kisha na mwanamke. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji kwa jinsi alivyoonyesha njaa, huzuni na tamaa, ilhali uso haukubadilika. Kwenye mwanzo wa filamu hilo lina maana kubwa, kwa sababu mtazamaji bado hamjui mtu wako na atausoma uso wake kwa kitu ulichokiweka kabla na baada yake. Kwa hiyo mwigizaji akikuuliza, "Hapa nionyeshe huzuni kiasi gani?", mpe kitu cha kufanya badala ya hisia ya kuonyesha. Sisi tulimwambia mwanamke wetu atazame ndani ya tundu la kitasa aone kama kuna uchafu. Watu waliona uchungu pale.

Tuje kwenye muda. Umeambiwa kwamba ukurasa mmoja wa mswada ni kama dakika moja ya filamu. Kwa maonyesho yenye mazungumzo, kipimo hicho husaidia. Kwa mwanzo usio na maneno hukudanganya kabisa, maana mstari mmoja tu wa "anajaribu kufungua mlango" unaweza kuwa sekunde 4 au 40. Mimi huchukua saa ya kwenye simu, nasimama mbele ya mlango wowote, naigiza tendo lote kwa kasi halisi na kuandika sekunde za kila shoti.

Halafu chora. Huhitaji kujua kuchora; vijiti na duara vinatosha, mradi ionekane mtu yuko upande gani wa fremu ya picha na anatazama wapi. Piga picha michoro hiyo kwa simu, ipange kwenye programu ya kuhariria kwa sekunde ulizopima, weka sauti za muda ulizorekodi mwenyewe, kisha itazame mara tatu kwa siku tofauti. Filamu mbaya ya michoro hukuokoa na siku nzima ya kupiga picha. Ya kwetu ilituonyesha kwamba shoti ya mtaa mzima, ambayo kila kitabu kinasema uanze nayo ili watu wajue mahali, hatukuihitaji. Mlango ulikuwa mahali tosha.

Kuna kosa moja michoro haikutuokoa nalo, kwa sababu tuliivunja wenyewe siku ya kazi. Mwanamke akiwa nje tulimpiga akiwa kushoto mwa fremu, anatazama kulia, kuelekea mlangoni. Kwa mpango, kamera ikiingia ndani ilitakiwa ibaki upande uleule wa mstari unaowaunganisha yeye na mtoto, ili mtoto awe kulia anatazama kushoto na wawili hao watazamane. Tulipoingia tukakuta ukuta wa upande wa pili una mwanga mzuri zaidi. Tukahamisha stendi ya kamera. Jioni, kwenye kompyuta, mwanamke anatazama kulia na mtoto naye anatazama kulia, kama watu wawili kwenye foleni moja. Tulirudi wikiendi iliyofuata kwa ajili ya shoti moja ya sekunde 3. Kubaki upande mmoja wa mstari huo ndiyo kanuni ya nyuzi 180, na mlango ndio mahali inapovunjika kirahisi kuliko kwingine, kwa vile ukivuka kizingiti kila kitu kinageuka: mpini uliokuwa kulia kwa nje uko kushoto kwa ndani, na akili inadanganyika kwamba lazima kamera nayo igeuke. Chora ramani ya chumba kutoka juu, chora mstari, andika namba ya kila kamera, na mmoja wenu aishike karatasi hiyo mkononi siku nzima. Mkitaka kuhamisha stendi, yeye ndiye wa kuulizwa kwanza.

Mtu huyohuyo anaweza kushika mwendelezo: mkoba uko bega gani, mkono gani una funguo, kijiko cha mtoto kiko juu au chini. Picha moja ya simu mwishoni mwa kila shoti inatosha.

Sauti nayo ipange kwenye karatasi pamoja na picha. Nalisisitiza hili kwa sababu filamu nyingi za wanafunzi huanguka hapa kabla neno halijasemwa. Mtazamaji huvumilia picha yenye chembechembe. Sauti inayovuma haivumilii. Kwa sekunde 38 zetu tulirekodi funguo peke yake, maikrofoni ikiwa karibu kabisa, kamera imezimwa. Tulirekodi ufunguo ukikwaruza chuma, mpini ukitikisika ukiwa ndani, ukitikisika ukiwa nje, na sekunde 30 za kimya cha kila mahali, watu wote wamesimama bila kusogea. Kimya hicho ndicho mhariri anachotandika chini ya kila kitu ili makato yasisikike. Tofauti ya kimya cha nje na cha ndani ndiyo iliyomwambia mtazamaji kwamba nyumba hii inakaliwa, hata kabla hajamwona mtoto, kwa kuwa ndani kulikuwa na redio ikisikika kwa mbali.

Muziki tuliuondoa wote hapo mwanzoni, na naomba angalau ujaribu kufanya hivyo. Kinanda cha huzuni kinachoanza sekunde ya kwanza humwamrisha mtu alie kabla hajajua analilia nini. Na kama utaweka muziki, uwe na ruhusa ya mwenyewe, la sivyo filamu yako haitapokelewa kwenye matamasha.

Majina ya waliotengeneza filamu nayo ni sehemu ya mpango huu. Mwongozaji wa Marekani Orson Welles alifungua filamu yake Touch of Evil, ya mwaka 1958, kwa shoti moja ya zaidi ya dakika 3 isiyokatwa, inayofuata gari lililotegwa bomu. Alitaka tusikie mtaa, muziki unaotoka kwenye mabaa na redio ya gari ikipita. Studio ikaweka majina na muziki wa mtunzi Henry Mancini juu ya picha hiyo. Welles aliandika waraka wa kurasa 58 kueleza alivyotaka filamu yake ihaririwe, na mwaka 1998, yeye akiwa amekwisha kufariki, mhariri Walter Murch aliihariri upya kwa kuufuata waraka huo: majina yakahamia mwisho, mtaa ukasikika. Bomu ni lilelile na gari ni lilelile, lakini ukitazama matoleo yote mawili utaona jinsi maandishi yanavyolivuta jicho mbali na jambo unalotaka liogopwe. Kwenye filamu ya dakika 10, jina la filamu linatosha mwanzoni. Wengine wote, na wewe mwongozaji ukiwemo, subirini mwisho. Hata nembo ya kampuni yenu inayozunguka kwa sekunde 12 isubiri.

Katika ratiba, usiweke mwanzo siku ya kwanza ya kupiga picha. Siku hiyo kundi bado halijazoeana, mshika maikrofoni anaingia kwenye fremu, mwigizaji bado anajitafuta. Anza na onyesho jepesi la katikati, ambalo kosa dogo halitaonekana sana. Mwanzo uwe siku ya pili au ya tatu, asubuhi, watu wakiwa hawajachoka. Sisi tulikuwa watu 6 na tuliweza shoti 14 kwa siku tukifanya kazi vizuri. Shoti 6 za mwanzo tulizipa nusu siku nzima, na hakuna niliyoijutia. Kama kuna mtoto kwenye onyesho, saa zake zipangwe kwanza, mzazi au mlezi awepo, na wengine wote wafuate.

Mkishahariri, onyesha mwanzo huo peke yake kwa watu watatu wasiojua hadithi, ukate pale jina la filamu linapotokea. Usiwaulize kama wameipenda, kwa maana watasema ndiyo. Waulize, "Unataka kujua nini sasa?" Wa kwanza wetu aliuliza kama yule mwanamke amekosea nyumba. Wa pili akataka kujua alikuwa wapi siku zote hizo. Wa tatu alikaa kimya kidogo, kisha akauliza yule mtoto ni wa nani. Ule mstari wetu wa pili ulisema ufunguo, na hakuna hata mmoja aliyeutaja. Wote walikuwa wameshaupita wakaingia ndani ya nyumba. Nikaufuta mstari ule kwenye karatasi, nikaandika swali la yule wa tatu, kisha nikafungua onyesho la pili ili nilihariri upya.