Jibu: Ruhusa ya masomo, kuomba Mungu au kuandika barua?

Bwana asifiwe, mwalimu. Umeuliza kama kumwandikia Mkurugenzi wa halmashauri barua ya kuomba ruhusa ya masomo, yenye tarehe na mipango, ni kukosa imani, kwa kuwa umeshafunga na kuomba. Hapana. Soma Nehemia 1 na 2 taratibu. Nehemia, mnyweshaji wa mfalme wa Uajemi, naye alihitaji ruhusa ya kuondoka kazini, aende kuujenga upya Yerusalemu. Alimwomba Mungu tangu mwezi wa Kisleu hadi Nisani katika kalenda ya Kiyahudi, kama miezi minne, na mfalme Artashasta alipomuuliza anataka nini, akamwomba Mungu tena palepale, kisha akajibu kama mtu aliyejipanga. Akataja muda wa safari, akaomba nyaraka kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto (Frati), na waraka kwa Asafu, mlinzi wa msitu wa mfalme, apewe miti ya malango. Hata jina la mlinzi wa msitu alikuwa nalo! Na bado anasema alipewa kwa mkono mwema wa Mungu.

Kwako wewe, kwanza hakikisha jina lako limo kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Barua ipitie kwa mkuu wa shule, uambatanishe barua ya udahili. Mimi nilipoomba yangu, swali lililonibana ni nani atashika vipindi vyangu, kwa hiyo ongea na mwenzako wa somo hilo kabla hujaandika.