Maswali ya wasomaji: "Nina laki sita na nusu, nataka kompyuta ya magemu"

Safari hii barua zote tatu nilizochagua zimetoka kusini kwetu, moja Masasi, moja Lindi mjini na moja hapa Mtwara, na zote zinazungukia kitu kile kile, kompyuta ya kuchezea magemu ya online wakati hela yenyewe ya mawazo. Ya Masasi nimeijibu kwa urefu kwa sababu najua wako wengi wanaokaribia kufanya kosa hilo hilo, hasa kipindi hiki hela za korosho zinaingia.

SWALI: Shikamoo kaka. Nipo Masasi, nimemaliza fomu foo, nikatoka kwenye mtihani moja kwa moja nikaingia shambani kuokota korosho, na mzee alipolipwa mnada wa pili akanipa laki sita na nusu akasema fanya unachotaka ila usije kuniomba tena. Nataka kompyuta ya magemu, nacheza CS2 na eFootball kwa rafiki yangu, halafu washkaji wangu wawili wako Dar wanacheza Valorant wananisubiri. Kuna jamaa hapa stendi anauza laptopu i7, RAM 8, laki tano na nusu, anasema i7 inacheza kila kitu. Nichukue? Kioo sina ila nyumbani kuna TV ya flati inchi 32 na mzee keshakubali niitumie akiwa hayupo.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kumaliza. Hiyo laptopu usiichukue, angalau usiichukue kabla hujamuuliza yule jamaa namba kamili ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, maana kusema i7 tu ni kama mtu anakuambia anauza pikipiki nyekundu, hajakuambia chochote bado. Intel wametoa i7 miaka mingi na haziko sawa kabisa. Mwambie awashe, abonyeze Ctrl, Shift na Esc, afungue sehemu ya Performance, pale juu inajiandika yenyewe. Ukikuta kwa mfano i7-4600U, ujue hiyo ni ya kizazi cha nne, ina koa mbili tu, yaani vichwa viwili vya kufanya kazi ndani ya prosesa, na ile U ya mwisho maana yake imetengenezwa ili itumie umeme kidogo betri ikae, sio ili ikimbie. Kompyuta ya mezani ya kizazi hicho hicho yenye i5-4590 ina koa nne kamili, yaani i5 inampiga i7 na bei yake iko chini, na stika ya i7 pale mbele ndiyo inayokufanya ulipe laki mbili zaidi.

Halafu laptopu nyingi za namna hiyo hazina kadi ya grafiki ya peke yake, ile ya kuchora picha za gemu, na huwezi kuiongeza baadaye, na joto la Masasi unalijua, nusu saa ya gemu feni inalia, prosesa inajipunguza spidi yenyewe isiungue, unaanza kuona picha zinakatika katika unadhani ni mtandao.

Mimi ningekuwa wewe ningetafuta kompyuta ya ofisini ya mtumba, zile Dell OptiPlex au HP EliteDesk zinazokuja kwa makontena baada ya makampuni ya nje kuzibadilisha. Hazina taa za rangi wala kioo cha ubavuni lakini zimetengenezwa kuwashwa siku nzima miaka na miaka, na fundi yeyote anazijua. Swali linalobaki ni kizazi gani, na hapa Valorant ndiyo inakuamulia. Kwenye Windows 11 Valorant inadai TPM 2.0 na Secure Boot, vitu vya ulinzi vilivyo ndani ya mashine, viwe vimewashwa, na Windows 11 yenyewe kwa upande wa Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8. Windows 10 Microsoft walishaacha kuihudumia kwa kawaida tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo mashine ya kizazi cha nne itakupa raha leo, itakucheza CS2 vizuri tu ukiiwekea kadi, ila unaingia nayo mlango ambao unafungwa. Tafuta yenye i5-8500, ina koa sita, unaipata kwenye OptiPlex 7060 au EliteDesk 800 G4.

Sasa najua utasema laki sita na nusu haitoshi mashine ya kizazi cha 8 pamoja na kadi ya grafiki. Sawa, basi usinunue vyote. Nunua mashine nzuri sasa hivi, kadi isubiri korosho za mwakani. Watu wengi wanafanya kinyume, wananunua kadi kali wanaichomeka kwenye mashine iliyochoka, halafu baada ya miezi sita wanabadilisha mashine, wamelipa mara mbili. Kwenye ile i5-8500 kuna grafiki ya ndani, Intel UHD 630, Valorant inacheza ukishusha setingi kwa sababu ni gemu jepesi mno, wenyewe kiwango chao cha chini kabisa wameandika Intel HD 4000 ambayo ni ya zamani kuliko hiyo. Kwa CS2 na eFootball ndiyo utaitamani kadi, utacheza lakini utavumilia. Na kuna jambo dogo watu hawalijui: grafiki ya ndani inaazima RAM ya kompyuta, yaani kumbukumbu yake ya kufanyia kazi, kwa hiyo mwambie muuzaji akupe RAM vijiti viwili vya 8 badala ya kijiti kimoja cha 16, vikiwa viwili njia ya kupita data inakuwa mara mbili na gemu linalainika bila kuongeza hata shilingi. SSD, ile diski ya kuhifadhia yenye kasi, iwepo, hata ya GB 256 kwa kuanzia, ingawa CS2 peke yake Steam, lile duka la magemu la mtandaoni, wanasema iache nafasi ya GB 85.

Sasa sikiliza hili vizuri maana mimi liliniumiza. Hizi mashine zinakuja kwa maumbo. Kuna kesi kubwa ya kusimama, na kuna ile nyembamba inayoandikwa SFF, inavutia, nyepesi, unaibeba kwenye begi. Mwaka 2019 nilinunua nyembamba duka moja Kariakoo na kadi nikanunua duka la jirani, muuzaji akanihakikishia inaingia, nikapanda basi na mzigo wangu zaidi ya kilometa 500 mpaka Mtwara, usiku ule ule nafungua kesi, kadi imezidi urefu wa kesi, haifungi wala haikai. Kurudi kubadilisha ni nauli nyingine na siku mbili kazini sipo. Kadi ikalala kwenye boksi miezi mitatu mpaka nikapata mtu wa kuichukua kwa hasara. Kwa hiyo kesi kubwa, mdogo wangu, hata kama bado huna hela ya kadi, kesi kubwa.

Na siku ukifika kwenye kadi, tafuta GTX 1650 au GTX 1050 Ti ambayo haina tundu la waya wa umeme juu yake. Pale kadi inapochomekwa kwenye ubao panatoa wati 75 na hizo zinatosheka na hapo hapo, wakati pawa saplai za hizi mashine za ofisini ni ndogo na nyingi hazina waya wa ziada. Baadhi ya 1650 zina tundu, kwa hiyo angalia kwa macho, usiamini jina tu. Kuna feki pia, kadi ya kizamani imebadilishwa programu ya ndani ijitambulishe kama 1050 Ti, hapo muuzaji akuruhusu ufungue programu ndogo ya bure inaitwa GPU-Z, mara nyingi kadi ikiwa feki inaiandika hapo hapo mbele ya jina. Akikataa usiweke hela.

TV ya mzee itafanya kazi. Nyingi ya hizi mashine tundu lake la picha ni DisplayPort, kwa hiyo nunua waya wa DisplayPort kwenda HDMI huko huko Dar usije ukafika Masasi ukaanza kuhangaika, na kwenye TV tafuta setingi ya gemu uiwashe, bila hivyo unabonyeza mausi na mtu anageuka baadaye. Usitume hela kwa picha za WhatsApp. Mtafute ndugu Dar aende akaiwashe, aandike namba ya prosesa, aangalie kesi, ndiyo aipakie kwenye basi imefungwa kwa godoro dogo la sponji.

SWALI: Habari kaka, mimi nipo Lindi mjini, kompyuta ninayo, i5 na kadi nzuri tu, natumia hotispoti ya simu. Nikipima spidi naona Mbps 20 mpaka 30 lakini kwenye gemu pingi inapanda 250 inashuka 140 inapanda 300, nakufa kabla sijamuona mtu. Nimeambiwa ninunue kompyuta yenye nguvu zaidi. Ni kweli?

JIBU: Sio kweli, na aliyekuambia hivyo angekutia hasara. Mbps ni upana wa bomba, pingi ni muda wa ujumbe wako kwenda mpaka kwenye seva, ile kompyuta ya mbali inayoendesha gemu, na kurudi, ni vitu viwili. Gemu lenyewe likishaanza linakula data kidogo, kwa hiyo Mbps 2 zilizotulia zinakushinda wewe mwenye 30 zinazoyumba.

Umbali nao hauondoki kwa hela. Mwanga ndani ya faiba unakimbia kama kilometa laki mbili kwa sekunde. Kutoka Lindi mpaka Dar na kurudi ni milisekunde chache tu, haina shida. Ila seva ikiwa Ulaya ujumbe unazama kwenye mikonga ya baharini, unapita Bahari ya Shamu, zaidi ya kilometa elfu kumi kwenda tu, hapo milisekunde mia moja ni za umbali peke yake na hakuna kompyuta ya kuzifuta. Mnakumbuka tarehe 12 Mei 2024 mikonga ya EASSy na Seacom ilipokatika upande wa Afrika Kusini, nchi nzima intaneti ikawa inakokota, na sisi huku tulikuwa tumetoka tu kwenye kimbunga Hidaya barabara ya Dar imekatika. Siku zile hata mwenye mashine ya milioni kumi alikaa anaangalia.

Unachoweza kukirekebisha ni ile kupanda na kushuka. Anza na waifai, izime, chomeka simu kwa waya wa USB na uwashe intaneti ya kupitia waya, watu wengi hapo tu wanaona tofauti. Isogeze simu dirishani, jaribu na laini ya mtandao mwingine ya kuazima, maana mnara uliojaa saa mbili usiku mtaa mzima ukiangalia video ni mnara ule ule ulio mtupu alfajiri. Iambie Windows kuwa hiyo intaneti unalipia kwa kipimo, kuna setingi yake, isianze kushusha apdeti katikati ya mechi. Halafu chagua seva mwenyewe: CS2 na Dota 2 zina seva Afrika Kusini na Dubai, na kwenye CS2 kuna sehemu ya kuweka kikomo cha pingi unachokubali, weka 150 uone. Jaribu zote mbili, kwa sababu kampuni moja ya simu inaweza kukupeleka Johannesburg moja kwa moja na nyingine ikakuzungusha mbali kwanza.

Na gemu kubwa usidanlodi kwa bando, tafadhali. Nenda na hadi diski ya nje kwa mwenye nalo, kopi folda lake lote ndani ya steamapps, common, ulibandike kwako mahali pale pale, ukibonyeza kuinstoli Steam inakagua mafaili inamalizia yaliyopungua tu.

SWALI: Mwanangu hujambo. Mimi ni mama wa hapa Shangani, kijana wangu ananiambia kompyuta ya magemu ndiyo hiyo hiyo ya kusomea, je ananidanganya? Na ile ya kaka yake ilikufa haijamaliza miaka miwili, fundi akasema kutu.

JIBU: Sijambo mama, shikamoo. Hakudanganyi, mashine inayobeba gemu inabeba na masomo bila kutoka jasho, kinyume chake ndiyo kigumu. Nimemjibu wa Masasi hapo juu, mashine ile ile inamfaa na wa kwako, mwonyeshe asome.

Hiyo kutu naielewa maana Shangani mko na bahari mlangoni. Upepo wa chumvi unatafuna vyuma na ile miguu ya dhahabu ya RAM. Asiiweke karibu na dirisha linaloangalia bahari wala sakafuni, na asiiache wiki nyingi bila kuwashwa, ikiwashwa mara kwa mara lile vuguvugu linakausha unyevu. Ikizimwa na kupoa ifunikwe kitambaa, ikiwa inawaka isifunikwe kabisa. Kila baada ya miezi kadhaa atoe RAM umeme ukiwa umechomolewa, asugue ile miguu taratibu kwa ufutio wa penseli, apulize, arudishe. Siku mashine ikikataa kuwaka aanze na hilo kabla ya kwenda kwa fundi.

Na katika hela hiyo mama mtengee ya UPS, kile kiboksi chenye betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika. Ndogo tu inatosha, haitamchezesha gemu umeme ukikatika, itampa dakika chache za kusevu kazi na kuzima kwa heshima, na umeme ukirudi kwa kishindo unaipiga UPS kwanza. Akishazima kompyuta aache ruta peke yake kwenye UPS, hiyo inakula kidogo, utaendelea kupata intaneti kwenye simu yako muda mrefu.