Daftari za babu usitupe

Ndugu unayeuliza kama utupe daftari za hadithi za marehemu babu ubaki na zile alizopiga chapa tu, usitupe hata moja bana, hayo yenye makosa na majina ya wasimulizi pembeni ndo mali yenyewe, ile nakala safi haikwambii bibi gani wa kijiji gani aliimba. Toa pini zenye kutu, weka kwa boksi kavu mbali na mchwa, namba andika kwa penseli, na usiyapange upya. Kama aliacha na kaseti za sauti, ndo uanze nazo kuzinakili, tepu haingoji, inaharibika. Alafu ongea na Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kule wana hifadhi ya sauti yenye nyimbo alizorekodi mtafiti wa muziki Klaus Wachsmann kabla ya uhuru wa Uganda wa 1962, nakala zilirudi toka London. Ila muandikiane kwanza haki zinabaki kwa nani, ukoo huwa unakumbuka baadae 😅