Machimbo ya kokoto: tathmini iguse nini, iache nini?

SWALI: Tunataka kufungua machimbo ya kokoto. Rasimu ya hadidu za rejea (maelekezo ya kazi kwa mshauri) za tathmini ya athari kwa mazingira ina mambo 40, toka popo hadi makaburi ya kale. Yote yachunguzwe? Na utafiti uishie umbali gani kutoka shimoni?

JIBU: Si lazima yote, na huenda lililo zito zaidi halimo. Orodha ndefu hivyo mara nyingi hunakiliwa kutoka ripoti ya mradi mwingine. Anzeni na kazi zenyewe: kuondoa udongo wa juu, kulipua mwamba, kusaga, kusafirisha, kusukuma maji, hadi kufunga machimbo. Kila kazi inatoa nini, kinapita wapi, kinamfikia nani? Njia hiyo ikikatika, yaani kisimfikie yeyote wala chochote, liondoeni jambo hilo, ila andikeni sababu. Lililoachwa kimya kimya huibuka kwenye mkutano wa wananchi, ripoti ikiwa imeshalipiwa.

Popo msiwafute upesi: mwamba wenye mapango huenda ndiyo makazi yao. Kuhusu makaburi, tembeeni eneo lote na wazee kwanza, ndipo muamue.

Mpaka mmoja hautoshi. Vumbi zito la kusagia hutua karibu, likifuata upepo. Malori hupeleka kelele na hatari hadi barabara kuu, hivyo shule iliyo kando ya njia yao imo, hata kama iko mbali na shimo. Barabara ya kuingilia nayo ni sehemu ya mradi, hata akiijenga mkandarasi mwingine. Kama kuna machimbo jirani, vumbi na malori yao yajumlishwe na yenu.

Kwenye maji, tunawasihi msibane matumizi. Shimo likishuka chini ya usawa wa maji ya ardhini, pampu inayolikausha inaweza kushusha maji ya visima vya jirani. Pimeni kina kila mwezi kwa mwaka mzima kabla ya kuchimba: alfajiri, watu hawajateka, kutoka alama ileile ukingoni hadi uso wa maji. Mkipima mara moja tu wakati wa mvua, mtakuta visima vimejaa. Vikikauka kiangazi baada ya pampu kuwashwa, hamtaweza kutenganisha kosa la pampu na ukame. Hadidu zitaje visima vipi, vipimwe lini na nani. “Kuchunguza rasilimali za maji” peke yake hakumfungi mshauri kupima hata kisima kimoja.