Ile "miguu" ya nje si urembo

Umeuliza kama yale matao ya mawe yanayoegemea makanisa ya Kigothi (mtindo wa ujenzi wa Ulaya ya Zama za Kati) kwa nje ni mapambo tu. Hapana ndugu, yamebeba mzigo. Dari ya mawe iliyojengwa kwa matao haishuki chini tu, husukuma kuta nje pia. Zamani dawa ilikuwa ukuta mnene wenye vidirisha vidogo, ndani giza. Kuanzia karne ya 12, huko Ufaransa, tao lililochongoka lilipunguza msukumo huo, na yale ya nje yakaudaka na kuupeleka kwenye nguzo nzito za pembeni. Ukuta ukapumzika, wakaujaza vioo vya rangi. Buluu ya vioo vya kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, ukiiona jua likipenya, utaelewa walichokuwa wanakitafuta.

Ila tamaa nayo! Huko Beauvais, mji mwingine wa Ufaransa, walipandisha dari ya kanisa lao kuu hadi mita 48 hivi. Mwaka 1284 sehemu yake ikaporomoka. Wakachomeka nguzo mpya katikati ya zile za mwanzo, hata leo unaziona zimebanana. Mnara nao ukaanguka 1573. Ukumbi mkubwa wa waumini haukujengwa kamwe.